Mzigo wa Watani

Baba yangu hakuwa mtu wa kujisifu, ila akikutana na Mgogo. Hapo ulimi wake ulikuwa hauna breki. Sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakibeba pembe kwenda pwani na kurudi na vitambaa. Kupita katika nchi ya Wagogo hakukuwezekana bila kulipa hongo, ule ushuru wa njia na wa maji. Misafara ilikwisha, utani ukabaki. Mtani anaweza kukutukana mchana kweupe, akakuvua kofia akaenda nayo, na huna ruhusa ya kununa. Ukinuna umeshindwa. Na ukitoa ahadi mbele ya mtani, hata kama ni ya mzaha, hutaachiwa mpaka uitimize.

Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani kwamba baba alionewa siku ile. Hakuonewa hata kidogo. Vilivyomponza ni ulimi wake na miguu yangu.

Miaka hiyo ya ujamaa nilikuwa mpigachapa katika ofisi moja ya serikali mjini Tabora, nikiishi kwa shangazi yangu, mtaa wa Cheyo. Wazazi wangu walikuwa upande wa Kaliua, katika kijiji kipya walichohamishiwa pamoja na majirani zao, na huko baba alilima tumbaku na kuhudhuria mikutano. Jioni nikitoka kazini nilicheza mpira wa magongo. Mjini watu waliuita mchezo wa Wahindi, na kweli kocha wetu alikuwa Mhindi mwenye duka la vitambaa, mzaliwa wa Tabora, mtu mfupi mwenye kitambi cha heshima ambaye ujanani alikuwa winga hodari. Lakini timu yetu ya wanawake ya mkoa ilikuwa mchanganyiko wa wauguzi, walimu, mabinti wa wenye maduka, na mimi.

Asiyeucheza mchezo ule hajui ubaya wake. Kwenye mpira wa miguu mtu hukimbia akiwa wima kama binadamu. Kwenye magongo unakimbia umeinama, gongo limegusa ardhi, macho mbele, makalio nyuma, na ukiinuka kuupumzisha mgongo mpira umeshapita. Ni kama kupalilia tumbaku huku unafukuzwa na nyuki. Mama alipokuja mjini akaniona nikifanya mazoezi uani kwa shangazi aliniuliza kama hiyo ndiyo kazi niliyoisomea, maana ya kuinama angenipa yeye bila kunipeleka shule.

Nilicheza kiungo wa kati. Washambuliaji wakipanda, kiungo yuko nyuma yao; wakipokonywa mpira, kiungo huyohuyo anatakiwa awe ameshafika kuwasaidia mabeki. Kocha alikuwa akisema kiungo ni kama posta, kila mtu anamtumia na hakuna anayemshukuru. Mwisho wa kiangazi uwanja wetu ulikuwa mgumu kama tofali, mpira unadunda unavyotaka wenyewe, na ukiukosa kwa gongo unaupata kwa mfupa wa muundi. Mikono ilikuwa inakufa ganzi mpaka kwenye viwiko. Kesho yake kazini nilipiga chapa kwa vidole vilivyovimba, na kila nilipoinuka kitini mkuu wangu alinitazama kwa huruma kama anayemtazama mjamzito.

Kocha alitukimbiza katika njia ya Kwihara, ileile ya misafara, kwenye mchanga, yeye akitufuata kwa baiskeli. Kengele ikisikika karibu na kisogo chako, ujue umechelewa. Mimi sikuwahi kuisikia karibu. Ila nilikuwa na kilema kimoja ambacho kocha alikiona kabla yangu: sikuwa na mwendo wa kati. Nilijua kukimbia na kusimama, basi.

"Una pumzi ya mtu mmoja, unaitumia kama ya watu wawili," aliniambia. "Mchezo una vipindi viwili, dada. Kipindi cha pili utakicheza na nini?"

Nilimcheka. Nilijiona mjukuu wa wapagazi.

Kisha tukaambiwa kwamba wanawake wa timu ya taifa wanatafutwa, na kwamba wateuzi kutoka Dar es Salaam watakuja kututazama tukicheza na Dodoma. Majina yangesomwa stesheni jioni ileile, na waliochaguliwa wangepanda gari moshi usiku huo kwenda kambini. Kwa hiyo kila mchezaji alitakiwa aje na begi lake limefungwa tayari. Sisi wenyeji tuliyaacha mabegi yetu dukani kwa kocha. Langu lilikuwa la turubai, shangazi alilishona mpasuko wake kwa uzi mwekundu kwa kuwa mweusi ulikuwa umeadimika.

Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa kuandika barua za wengine. Nikampelekea baba salamu aje aone.

Akaja kwa gari moshi la asubuhi, amevaa koti lake la kaki lililofungwa vifungo vyote, na mfuko wa karanga za kukaanga alizopewa na mama. Nilimwamkia, akaitikia huku akitazama pembeni, kwa sababu nilikuwa tayari nimevaa sketi ya kuchezea. Wakati huo vijana walikuwa wanawasimamisha wasichana barabarani kuwapima urefu wa sketi. Yangu ilifika magotini, lakini baba alikuwa hajawahi kuyaona magoti yangu tangu nivunje ungo, na nadhani hakuwa ameandaliwa. Alinipa karanga. Nilijua hairuhusiwi kula kabla ya mchezo. Lakini alisimama palepale akisubiri nizile, nami sikuwa na moyo wa kumkatalia, nikala konzi baada ya konzi mpaka akaridhika.

Baada ya hapo akawaona Wagogo.

Wasichana wa Dodoma walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha ukuta, mabegi yao miguuni. Baba aliwaendea moja kwa moja.

"Nyie mmekuja kufanya nini huku? Ng'ombe mmemwachia nani?"

Aliyemjibu alikuwa beki wao, msichana mrefu mwenye mabega mapana na sauti ya kuita mifugo. "Shikamoo baba. Tumefuata hongo yetu. Babu zenu walipita kwetu, wakanywa maji, wakaondoka hawajamaliza kulipa."

"Marahaba. Babu zangu walibeba pembe mpaka Bagamoyo. Mzigo hawakuuweka chini, na hakuna aliyewabeba. Mnamwona yule?" Akanionyesha kwa kidole. "Yule ni wangu. Leo atawakimbiza mpaka muombe maji."

"Na akichoka yeye?"

"Mnyamwezi habebwi, binti, anabeba. Siku mtakayombeba yule, mimi mwenyewe nitawabebea mizigo yenu mpaka stesheni. Kwa kichwa."

Yule beki aliwageukia wenzake. "Mashahidi mpo?" Wakaitika wote.

Nilicheka pamoja nao. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mgema wa siku ile nilikuwa mimi.

Kipindi cha kwanza nilicheza kama sijawahi kucheza. Kila mpira niliuona kuwa wangu. Nilimpokonya winga wao pembeni kabisa, nikaupeleka mwenyewe mpaka mbele, nikampasia binti wa mwenye duka la vyombo akafunga, nikarudi mbio kulinda huku wenzangu bado wanashangilia. Wateuzi walikuwa wamekaa kwenye viti vya ofisini, na kila nilipopita mbele yao niliongeza mwendo. Baba nilimwona kwa pembe ya jicho, amesimama mikono nyuma. Kocha alikuwa anapunga mkono kuelekea chini, taratibu, taratibu, nami nikajifanya sikumwona. Mgongo uliwaka moto. Jasho liliingia machoni, sketi ikaloa ikanishika mapaja, na kwenye koo kulikuwa na ladha ya chuma. Yote hayo nilikuwa nayajua. Nilidhani nayaweza.

Wakati wa mapumziko mke wa kocha alitugawia maji ya ndimu na chumvi, akatuambia tunywe kidogo kidogo. Mimi nilikwenda kwenye ndoo nikanywa maji baridi mpaka tumbo likajaa.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kipindi cha pili kilipoanza tu nilihisi mapaja yakitetemeka, ile misuli ya mbele, ambayo ndiyo inayokubeba ukiwa umeinama. Nikaanza kusimama wima. Mpira ukanipita, halafu mwingine. Kichomi kikanishika ubavuni. Nilijaribu kukimbia, nikawa ninaiambia miguu na miguu haisikii. Halafu msuli wa nyuma ya goti la kulia ukajikunja kama ngumi, na nilipouegemea mguu wa kushoto, wa kushoto nao ukajikunja. Nilianguka kifudifudi mbele ya viti vya wateuzi. Maji na karanga za mama vikatoka vyote.

Nimezaa baadaye, nimeugua, nimezeeka. Sijawahi kuwa na mwili usio wangu kama pale. Nilijua kwamba sketi imepanda na sikuweza kuishusha. Nilijua kwamba karanga zile zinaonekana. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini ardhi ya Tabora mwezi ule haipasuliki hata kwa sururu.

Machela haikuwapo. Wenzangu walinizunguka wakibishana nani ashike wapi. Akaja yule beki wa Kigogo. Aliliweka gongo lake chini, akaishusha sketi yangu vizuri, akachuchumaa akanipa mgongo.

"Usinibebe," nilimwambia. "Niburute. Tafadhali niburute."

"Hongo yangu siburuti, mtani."

Akanivuta mikono mabegani kwake, akainuka nami kama anavyobebwa mtoto. Watu wakaelewa polepole, kwa sababu ile ahadi ya baba ilikuwa imeshazunguka uwanja mzima. Kicheko kilianza upande wa Wagogo, lakini waliocheka kwa sauti kubwa kuliko wote walikuwa Wanyamwezi wenzangu. Tulipita mbele ya baba. Sikuthubutu kumtazama usoni, nikaona mikono yake tu. Ilikuwa inafungua vifungo vya koti.

Tulifungwa. Sikuona mabao yao, nilikuwa nimelala pembeni mke wa kocha akinikanda miguu, nimejifunika uso kwa kanga yake. Nafasi ya timu ya taifa nilishaizika. Kilichoniuma sasa ni kingine. Mchezo ulipokwisha nilimsikia nahodha wa Dodoma akimwambia baba, kwa adabu kabisa, kwamba yeye ni mzee na wamemsamehe.

"Nani amekuomba msamaha?" baba alimjibu. "Lete mzigo."

Wakampa pedi za golikipa wao za kukinga miguu, nzito kama magogo, na begi la yule aliyenibeba. Baba akaenda navyo dukani kwa kocha kutafuta kamba na mkeka. Alikaa huko kitambo, akarudi na mzigo umeshafungwa, umeviringishwa ndani ya mkeka na kukazwa kwa mafundo ambayo sikujua kwamba anayajua. Kisha akanijia.

"Naomba gongo lako, mama. Na la mwenzako."

Aliyafunga magongo mawili ubavuni mwa mzigo, yametokeza kwa chini kama miguu. Ndivyo wapagazi walivyofanya, alisema, ili ukichoka uuegemeze mzigo kwenye mti, usiinamie kuuokota. Koti akaliviringa kuwa ngata. Na alipolivua koti ndipo nilipoona kwa nini lilikuwa limefungwa vifungo vyote. Shati lake lilikuwa limechanika mgongoni, kutoka ukosini mpaka karibu na kiuno, limekwisha kwa kufuliwa, na ngozi yake ilionekana.

Hakuwa na shati jingine la kuvaa siku ya kuja kunitazama. Mimi nilikuwa na mshahara, na nilikuwa sijui.

Kutoka uwanjani mpaka stesheni hakuna mbali kwa mtu asiye na kitu kichwani. Baba alitembea hatua fupi za haraka, shingo imenyooka, mkono mmoja tu juu. Nyuma yake walifuata wasichana wote wa Dodoma, na pembeni yule beki akiita kila tulipofika kwenye maduka: "Tokeni muone. Hongo ya Unyamwezi inapita." Watu wakatoka. Wahindi walisimama barazani na futi zao za kupimia shingoni, mafundi cherehani waliacha kukanyaga. Watu wa ofisi yangu walikuwapo. Wakubwa walipiga makofi, watoto walimwamkia, na baba hakuweza kugeuza kichwa, kwa hiyo aliitikia marahaba akitazama mbele kama askari wa gwaride. Alikuwa anacheka. Wote walikuwa wanacheka, ndivyo utani ulivyo, na asiyecheka nilikuwa mimi peke yangu.

Nilichechemea nyuma yake, karibu kabisa, nikijaribu kuziba lile shati kwa mwili wangu. Niliona aibu kwa ajili yake na niliona aibu kwa kuona aibu. Niliyatazama makatambuga yake ya tairi yakikanyaga barabara ya mjini, nikakumbuka nilivyomjibu kocha kwa kicheko.

"Mbona unanikanyaga visigino?" baba aliuliza bila kugeuka.

"Nipe na mimi nibebe, baba. Hata nusu."

"Mzigo wa ahadi una mwenyewe."

Aliuegemeza kwenye mti mara moja, akafuta jasho kwa kiganja, akaniangalia nilivyosimama nyuma ya mgongo wake. Akauinua tena.

Stesheni alikubali kusaidiwa kuushusha. Yule beki akapiga goti mbele yake. "Hongo imefika, baba. Ahsante."

"Mkirudi tena njooni na mawe," baba alisema. "Haya mliyoleta ni manyoya." Lakini alikuwa amekaa kwenye ukingo wa jukwaa, na mapaja yake yalikuwa yanatetemeka. Niliujua mtetemeko ule. Ni wa misuli ya mbele.

Msichana akafungua mafundo. Akatoa pedi, akatoa begi lake, kisha akasimama ameinua kitu cha tatu. "Hili si letu."

Lilikuwa la turubai, lenye mshono wa uzi mwekundu.

Nilimtazama baba. Alikuwa anaikunjua ngata yake, anaikung'uta vumbi kwa uangalifu usio wa kawaida.

"Kocha wako aliniambia kule dukani," alisema. "Wale wakubwa wa Dar es Salaam walimwambia kwamba pumzi hufundishwa, mengine hayafundishwi. Nikaona nalichukua, kwa kuwa nakuja huku huku."

Majina yaliposomwa, la yule beki lilitangulia na langu likafuata. Watu walinipiga mabega. Nilipaswa kufurahi, na baadaye nilifurahi, sitadanganya. Lakini pale jukwaani nilichokuwa nacho ni kwamba nimebebwa mara mbili kwa siku moja, na mara ya pili nilipita mji mzima nikimwonea aibu aliyenibeba.

"Nisamehe, baba," nilisema.

"Miguu imeacha kubana?"

"Imeacha."

"Kunywa maji kidogo kidogo."

Gari moshi liliingia. Mtani wangu alipanda kwanza, akanipa mkono akanivuta, akanipisha dirishani. Baba alisimama chini, koti mkononi, uso kwetu. Wasindikizaji wengine walipunga, wakageuka, wakaanza kuondoka. Yeye hakugeuka. Behewa lilipoanza kutembea akaingiza mkono mmoja kwenye koti, akaingiza wa pili, akafunga vifungo kimoja kimoja mpaka cha shingoni. Ndipo akanipa mgongo.